Mashine Tuliyoichagua Sirari

Mzee Salum alizikwa Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walipoondoka na jeneza, sisi wanawake tulibaki ndani, tumekaa kwenye mikeka katika chumba cha mbele cha nyumba yake hapa Tarime mjini, kanga zimefunika vichwa, hata sisi tusio Waislamu. Nilikuwa sijaingia chumba kile kwa muda mrefu. Kabati la vyombo lilikuwa palepale, pazia la kijani lilikuwa lilelile ila limepauka upande wa dirishani, na harufu ya karanga zilizotwangwa ilikuwa imeingia kwenye kuta kiasi kwamba hata udi wa msiba haukuiondoa. Mjane wake, Mama Zuwena, alinishika mkono, akageuza kiganja changu juu, akaangalia vidole vyenye makovu madogo madogo ya moto. Akawaambia wenzake, "Huyu ndiye Robhi. Huyu ndiye aliyekuwa macho ya marehemu." Wanawake wakanitazama kwa heshima, mmoja akanisogezea kikombe cha chai ya tangawizi. Niliinywa nimeinamisha kichwa. Nywele zangu sasa zina mvi, nina duka langu la kutengeneza vifaa vya umeme na wasichana wawili niliowafundisha kazi, na watu huniita fundi hata sokoni. Lakini pale mkekani nilikuwa nakumbuka kwamba katika mwaka wa kwanza wa kazi yangu kwa mzee yule nilimharibia mtu kitu cha thamani, nikadanganya, na yeye alijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka Nyarero na cheti cha kozi fupi ya umeme. Duka la Mzee Salum lilikuwa chumba kimoja kilichounganishwa na nyumba yake kwa ukuta wa mbao. Mbele kulikuwa na kaunta, nyuma yake pazia, na nyuma ya pazia meza ya kazi iliyojaa redio zilizofunuliwa matumbo. Mzee alikuja Tarime kutoka Tanga akiwa kijana, na kwa miaka yote hiyo alikuwa hajajifunza Kikurya zaidi ya salamu na kukemea mbuzi. Kila siku saa saba mchana Mama Zuwena aligonga ubao wa ukuta mara mbili, tukaenda kula. Nazi zikifika kwa basi kutoka Mwanza, tulikula wali wa nazi; zisipofika, alipika mchicha kwa karanga na kutuomba radhi kana kwamba ni mlo wa adhabu. Mimi, niliyelelewa kwa ugali wa mtama, niliona karanga zile ni sherehe. Mzee alikula polepole, akitoa mifupa ya samaki kwa kupapasa. Nilidhani ni adabu ya watu wa Pwani. Sikujua kwamba mifupa yenyewe alikuwa haioni.

Chombo chetu kikuu kilikuwa chuma cha kuchomea chenye mpini wa mbao, waya wake umezungushiwa utepe mweusi. Hakikuwa na kitufe wala kipimo. Ukikichomeka kwenye umeme kinapata moto, ukikichomoa kinapoa. Kati ya hapo unakisogeza karibu na shavu na kukisia. Umeme wetu siku hizo ulipanda na kushuka, na moto wa chuma kile ulipanda na kushuka nao. Kwa redio kubwa haikuwa shida. Waya ulikuwa mnene, risasi, ule uzi laini wa kuunganishia, iliyeyuka, ukaunganisha, ukapuliza, kazi ikaisha. Lakini simu zilikuwa zimeanza kumiminika. Vijana kutoka Shinyanga, Geita na kwingineko, waliofuata dhahabu huku kwetu, walizileta zikiwa zimejaa tope la mashimo, na ndani yake vitu vyote vilikuwa vidogo kama punje za ulezi. Mzee alianza kunikabidhi kazi hizo. "Wewe una macho ya mbuzi," alisema, na mimi nikajiona nimepandishwa cheo.

Mwalimu Wankuru alikuja siku ya Ijumaa, mzee akiwa msikitini. Alifundisha darasa la kwanza katika shule ya Itiryo, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, na mwanzoni nilidhani ananifokea. "Sema ukiniangalia, mwanangu, nisome mdomo," aliniambia. Alikuwa ameugua miaka kadhaa nyuma, homa ikamwachia uhai na kuondoka na masikio. Kaka yake alimtafutia mashine mbili za masikio, ndogo, za kuning'iniza nyuma ya sikio. Ya kulia ilikuwa imedhoofika, inamletea mikwaruzo tu na sauti za karibu sana. Ya kushoto ndiyo aliyoitegemea, nayo ilikuwa imezimika tangu juzi. Nikaifungua mbele yake. Kosa lilikuwa wazi: waya mmoja mwembamba kuliko unywele ulikuwa umekatika kwenye bodi. "Hii ni dakika tano," nilimwambia nikimwangalia. Akacheka kwa furaha, akaenda sokoni.

Dakika tano hazikufika. Nilisogeza chuma karibu na shavu, nikakisia, nikashusha ncha yake nene juu ya kile kidoti cha shaba ambapo waya ulitakiwa kushika. Risasi haikuyeyuka mara moja, nikakandamiza. Mara umeme ukapanda, taa juu yangu ikang'aa, na kabla sijanyanyua mkono moshi mdogo ulitoka. Kidoti cha shaba kikabanduka kutoka kwenye bodi na kubaki kimening'inia kwenye ncha ya chuma kama gamba la dagaa. Nilijaribu kukirudisha, nikazidi kuunguza. Mwalimu aliporudi na fungu lake la ndizi, nilikuwa nimeshapanga maneno.

"Mwalimu, ilikuwa imekufa zamani," nilisema. "Jasho limeingia, limekula ndani yote. Haitengenezeki."

Aliutazama mdomo wangu hadi nilipomaliza. "Kumbe," alisema. Kisha baada ya muda, "Mimi natoka jasho sana nikifundisha, ni kweli." Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alitafuta kosa katika mwili wake mwenyewe akalipata. Akaisukuma ile mashine kwangu. "Kaa nayo. Labda kuna kipuri ndani kitamfaa mwingine." Alipotoka, niligeuka na kumkuta Mzee Salum amesimama nyuma ya pazia, anavua kofia yake ya msikitini. Sikujua amesimama hapo tangu lini. Aliniuliza kama kuna maji ya kunywa, nikampa, akanywa, akakaa kwenye redio yake. Hakusema kitu siku hiyo, wala wiki ile, wala iliyofuata. Nikajifariji kwamba hakusikia. Ile mashine niliitia kwenye kopo la skrubu chini ya meza ili nisiione.

Karibu mwezi ukapita. Siku moja nilikuwa mezani peke yangu nikasikia mazungumzo upande wa pili wa ukuta wa mbao. Hawakuwa wakinong'ona, watu waliokaa pamoja muda mrefu husahau kwamba kuta zao zina matundu. Mama Zuwena alikuwa akichambua mchele, nikisikia punje zikirushwa kwenye ungo. "Daktari amesemaje hasa?" aliuliza. Mzee akajibu kwamba daktari wa Mwanza amesema jicho moja limekwenda na la pili linafuata, taratibu, hakuna dawa ya kulirudisha. Nikasikia mama akiweka ungo chini. "Sasa ile pesa uliyoweka ya mashine mpya ya kuchomea, si tuiache tu?" Mzee akasema hapana. "Nikiiacha, duka linakufa na mimi. Nitanunua nikiwa bado naona rangi zake." Niliweka chini nilichokuwa nimeshika. Nilitamani kwenda upande wa pili nikapige magoti, lakini mtu aliyesikia ya wenzake kupitia ubao hana pa kuanzia.

Wiki hiyohiyo mzee alinituma Itiryo kupeleka redio ya mteja aliyekuwa mgonjwa. Nyumba ya mteja ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa shule, na njia ilipita chini ya madirisha ya darasa la kwanza. Nikasikia sauti kubwa ya Mwalimu Wankuru, nikasimama. Watoto walikuwa wakisoma mmoja mmoja sentensi iliyoandikwa ubaoni, kuhusu kuku aliyetaga mayai. Mwalimu alikuwa amesimama karibu sana na anayesoma, mkono nyuma ya sikio la kulia, macho mdomoni kwake. Mvulana mmoja mtundu akainamisha kichwa asionekane mdomo, akasoma kwa sauti nzuri, "Kuku ametaga mayowe." Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu naye akatabasamu, kwa sababu aliona watoto wamefurahi, akasema, "Vizuri sana! Mpigieni makofi." Wakapiga. Msichana mmoja wa dawati la mbele hakupiga. Alikuwa anawageukia wenzake kwa hasira, kidole mdomoni, akiwanyamazisha. Mtoto wa miaka saba alikuwa anamlinda mwalimu wake dhidi ya kitu nilichokifanya mimi. Niliondoka pale nikitembea haraka kama mwizi, na redio ya watu nilikuwa bado nimeikumbatia, nimepitiliza nyumba ya mteja.

Tulifunga duka Jumanne tukaenda Sirari, mpakani, kununua mashine hiyo. Mzee alivaa koti lake la shughuli na kubeba mkoba wa ngozi. Muuzaji alikuwa mama wa Kijaluo kutoka upande wa Kenya, Mama Akinyi, mwenye duka lililojaa vifaa vya simu hadi darini. Alitupangia juu ya meza mashine tatu, akaziita stesheni, kila moja na sanduku lake la umeme na kalamu ya kuchomea iliyounganishwa kwa waya laini. Moja mzee aliikataa alipoinyanyua tu, kwa sababu sanduku lilikuwa jepesi na plagi haikuwa na mguu wa waya wa ardhi. "Hii itatupiga shoti sisi na simu za watu," alisema. Zikabaki mbili, na bei zake zilikaribiana.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kama bibi harusi. Ilikuwa na tarakimu nyekundu zinazowaka, na ubavuni ilikuwa na blowa, bomba la kupuliza upepo wa moto wa kubandua vitu kwenye bodi za simu. "Hii ndiyo kastoma wangu wote wanachukua," alisema Mama Akinyi. "Iko na kila kitu. Dada, ukienda na hii hutalala njaa." Ya pili haikuwa na blowa wala taa za kupendeza, ila kitufe kimoja cha kuzungusha na kalamu fupi, nyembamba. Ncha yake ilikuwa na moto ndani yake yenyewe, si nyuma kwenye mpini, ukiishika vidole vinakuwa karibu kabisa na kazi, kama unavyoshika penseli. "Hii ni ya kazi ndogo ndogo tu," alisema, "lakini spea za ncha ziko, hata mwaka kesho utazipata hapa."

Mimi nilitaka ya blowa. Nilimweleza mzee sababu zote: vijana wa migodini, simu za tope, foleni tutakayopata. Zilikuwa sababu za kweli, na mpaka leo naweza kuzitetea. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine ambayo sikuisema. Tukinunua ile nyembamba, sitakuwa tena na kisingizio. Kitakuwepo chombo kinachoweza kufanya kazi ile, na mashine ya Mwalimu iko kwenye kopo, na mwenyewe yuko Itiryo.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Usichague kwa maneno, Robhi. Jaribu." Akafungua mkoba wake. Alitoa kibao kizito cha shaba, akaniambia niyeyushe risasi juu yake kwa kila mashine. Ya kwanza ilionyesha tarakimu zake nyekundu, kubwa, za kuaminika, lakini nilipogusa shaba ile kubwa risasi ilibaki kama uji mzito. Shaba ilikuwa ikinyonya moto haraka kuliko kalamu inavyourudisha, huku tarakimu hazijatikisika. "Namba inasema kilichoko kwenye sanduku," mzee akasema, "haisemi kilichoko kwenye ncha." Ya pili iliyeyusha mara moja, nikanyanyua, nikagusa tena, ikayeyusha tena. Nikaanza kuona, hata bila kutaka, tofauti ya chombo kinachokulazimisha kukandamiza na chombo kinachokuruhusu kugusa tu.

Ndipo akaingiza mkono mkobani mara ya pili. Akaweka juu ya meza, mbele yangu na mbele ya Mama Akinyi, ile mashine ya sikio ya Mwalimu Wankuru, niliyodhani bado iko kwenye kopo la skrubu.

"Sasa jaribu juu ya hii," alisema.

Sikuigusa. Mama Akinyi alimtazama mmoja wetu, kisha mwingine, akasema anaenda kutafuta chenji, ingawa hakuna aliyekuwa amelipa.

"Ulisikia," nilisema.

"Nilisikia."

"Kwa nini hukusema, tata?" Sikuwahi kumwita hivyo. Ni neno la kwetu la kumwita baba, na lilinitoka lenyewe.

Mzee Salum alikaa kwenye kiti cha plastiki cha wateja, taratibu, akikitafuta kwanza kwa mkono. "Ningesema, ungetubu kwangu," alisema. "Mimi sikuunguziwa kitu. Na chuma kile nilikuacha nacho mimi, najua ni kibaya. Hilo ni kosa langu. Uongo ni wako." "Macho yangu yanaisha, Robhi. Nadhani unajua, ule ukuta ni mbao. Mkono utakaoshika mashine hii ni wako, kwa hiyo chagua wewe. Ukichukua ya blowa sitakulaumu, ni mashine ya chakula."

Nilichukua ile nyembamba. Nimeulizwa mara nyingi na vijana wanaoanza kazi wachague ipi, na huwaambia mambo ya kawaida: waangalie uzito wa sanduku, waya wa ardhi, upatikanaji wa ncha, jinsi moto unavyorudi haraka, wasihadaiwe na tarakimu. Ni ushauri mzuri. Lakini mimi mwenyewe sikuchagua kwa sababu hizo. Nilichagua kwa sababu mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, hanitazami.

Majuma yaliyofuata nilifanya mazoezi kwenye bodi za simu zilizokufa, nikibandua nywele za waya na kuzirudisha. Habari zilienea mjini kwamba tumenunua mashine ya kuchomea, na bwana mmoja kutoka Gorong'a alifika na nusu ya geti juu ya mkokoteni. Mzee alicheka hadi akafuta machozi, akamwelekeza kwa wachomea madirisha. Alikuwa amehamisha kiti chake kutoka meza ya kazi hadi kaunta. Alipokea wateja, akawatambua kwa sauti, akaniletea kazi nyuma ya pazia.

Asubuhi moja nilifungua mashine ya Mwalimu. Kidoti cha shaba kilikuwa kimekwenda, hakirudi. Nilifuata njia yake kwenye bodi kwa kioo cha kukuzia, nikakwangua rangi mahali pafupi mbele, nikapata shaba ya upana wa mguu wa nzi, nikaiunganisha kwa unywele wa waya. Mara mbili nilishusha ncha, nikainyanyua kabla haijagusa. Mara ya tatu ncha iligusa, risasi ikang'aa kama tone la maji, nikanyanyua. Nilipoweka betri, mashine ilipiga mluzi mwembamba. Nikamtumia Mwalimu ujumbe wa simu, kwa sababu kumpigia hakukuwa na maana.

Alikuja siku ya gulio, hajaamini. Nilimwamkia shikamoo, nikamvalisha mashine kwenye sikio la kushoto, nikamwomba ageukie barabarani, anipe mgongo, arudie nitakachosema. Mzee Salum alikuwa kaunta na kikombe chake cha kahawa.

"Ndizi," nilisema.

"Ndizi."

"Mvua imenyesha Nyarero."

"Mvua imenyesha Nyarero." Sauti yake ilikuwa imeanza kushuka, haifoki tena. Nilikuwa nimepanga kumwambia uso kwa uso, baada ya kila kitu. Lakini mgongo wake ulinipa ujasiri wa kijinga, nikasema pale pale, kwa sauti ndogo kuliko zote, "Mwalimu, nilikudanganya. Haikuoza kwa jasho. Ni mimi niliyeiunguza."

Aliendelea kutazama watu wanaopita na mafungu ya mkaa. Nikadhani mashine haikushika, na Mungu anisamehe, sehemu ya moyo wangu ilifurahi.

"Sema tena," alisema.

Nikasema tena, kwa sauti ambayo hata mpita njia angeisikia.

"Nilikusikia mara ya kwanza," Mwalimu Wankuru alisema, bado hajageuka. Alipogeuka, uso wake haukuwa na hasira niliyoingoja. Ulikuwa umechoka. "Unajua ni makosa mangapi ya watoto nimeyapigishia makofi tangu siku ile?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hata mimi sijui. Hiyo ndiyo shida." Akauliza bei. Mzee akasema hakuna bei. Mwalimu akafunga kitambaa chake kichwani, akiacha masikio nje, akaondoka bila kuniaga.

Zilipita wiki mbili nikiamini nimempoteza. Mzee hakunifariji. Kula tulikula, Mama Zuwena akaniwekea wali wangu, na hakuna aliyesema kwamba kukiri kunafuta kitu. Nami sasa, baada ya miaka hii yote, sidhani kunafuta.

Kisha ikafika siku nyingine ya gulio. Pazia likafunguliwa, Mwalimu Wankuru akaingia hadi kwenye meza ya kazi, mahali wateja hawaingii. Alikuwa ameivua mashine yake ya kulia, ile ya mikwaruzo. Akaiweka juu ya meza, karibu na mkono wangu.

"Hii nayo iangalie," alisema. "Mimi naenda kununua ndizi."

Nilimsubiri akae, anisimamie, anitazame ninavyoishika. Kupitia pazia aliloliacha wazi nilimwona ameshafika barabarani, anasalimiana na watu, mgongo wake kwangu. Nikasogeza taa, nikaifungua.